Mkwe wa Matroni

Nyumbani kwetu kompyuta ikikwama, haruhusiwi mtu kuizima wala kuibonyezabonyeza mpaka Afande afike. Afande ni mke wangu. Sare ya polisi hajawahi kuivaa, jina hilo nilimpa mimi, siku aliyoniuliza mezani, mbele ya watoto, kwa sauti ya upole kabisa: "Baba watoto, nani humu ndani anatafuta dawa ya kupunguza kitambi?" Alikuwa akifanya mazoezi ya masomo yake kwenye kompyuta ya nyumbani. Mimi nilikuwa nimefuta kila kitu, au nilidhani nimefuta. Watoto walicheka mpaka wakamwaga maji, nami nikaapa kwamba kuanzia hapo shida zangu za mwili nitazipeleka kwa daktari, uso kwa uso.

Lakini nisimfanye mke wangu kichekesho, maana siye kichekesho. Zamani alikuwa anafundisha hisabati sekondari. Siku moja ikagundulika kuna mtu ameingia kwenye kompyuta ya shule akabadilisha alama za mtihani. Walimu wakakaa kikao, wakamfukuza mwanafunzi mmoja mtundu. Ushahidi? Hamna. Mke wangu alirudi nyumbani, chakula kikamshinda. "Wamemhukumu kwa sura," akaniambia. "Mtu mzima na akili zake anasimama anasema, huyu anafanana na mtu wa kufanya hivyo." Tangu hapo akawa na swali moja tu kichwani: hivi mtu anayeingilia kompyuta ya watu anatafutwaje kwa haki?

Akaulizauliza, akapata chuo kinachofundisha mambo hayo, na akaacha kazi. Mimi nilikataa katakata. Mwanamke ana ajira ya kudumu, ana watoto, umri wenyewe ni wa kutulia, leo anakwenda kukaa dawati moja na vijana ambao ndevu hazijaota. Nilipiga kelele wee, mpaka nikachoka. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimemaliza, kisha akaenda kujiandikisha. Mimi ni fundi wa friji. Mashine ikigoma naifungua nione tatizo liko wapi. Mke wangu akigoma, hakuna pa kufungua.

Darasa lao lilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Mwalimu wao ni mtu mwembamba, anaongea taratibu kana kwamba chumba cha pili kuna mgonjwa amelala. Siku ya kwanza aliweka kompyuta mezani, inawaka, akawaambia imevamiwa asubuhi ile, watafute ni nani. Akatoka nje. Darasa zima likairukia. Aliporudi kila mtu alikuwa ameshabonyeza chake, mke wangu naye akiwemo. Mwalimu akaitazama, akatikisa kichwa. "Mwizi aliacha nyayo zake," akasema. "Sasa zimebaki zenu."

Baada ya aibu hiyo ndipo akaanza kuwafundisha. Kwanza piga picha ya mashine kama ilivyo. Chukua kilichomo kwenye kumbukumbu kabla haijazimwa, maana ikizimwa kinapotea. Kisha toa nakala ya diski yote, tone kwa tone, ile diski yenyewe ifungwe kwenye mfuko na kusainiwa, na kazi ifanyike kwenye nakala tu. Nakala hiyo hupewa namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo. Ukiongeza hata nukta moja, namba yote inageuka. Kwa hiyo hata mbele ya hakimu unaweza kuonyesha kwamba hukutia chako wala hukutoa. Mke wangu aliipenda hiyo namba kuliko alivyowahi kunipenda mimi. "Hii haina shemeji wala mjomba," alikuwa akisema huku anaosha vyombo.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Mwalimu hakuchoka kulirudia. Kompyuta, alisema, inajua jina lililoingia. Haijui makalio yaliyokaa kwenye kiti. Afande aliniletea maneno hayo nyumbani, tukacheka sana.

Sasa nimlete mama yangu. Mama ni matroni wa kituo cha afya, mkuu wa wauguzi wote pale. Mgongo umenyooka, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na hamwogopi mtu. Anakaribia kustaafu, na wauguzi wengi wa mji huu wamepitia mikononi mwake. Anampenda mke wangu kuliko mimi aliyenizaa, wala hafichi. Wakikaa wawili jikoni, mimi huitwa tu kama kuna gesi ya kubadilisha.

Basi, asubuhi moja kompyuta zote za kituo zikawa na tangazo jekundu: mafaili yenu tumeyafunga, mkiyataka tutafuteni. Kumbukumbu za wagonjwa, miadi, orodha ya dawa, vyote havifunguki. Wauguzi wakarudi kwenye makaratasi, foleni ikatoka hadi getini. Mganga mkuu akampigia simu Mwalimu, na Mwalimu akaja na mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa anamalizia mafunzo ya vitendo chini yake.

Mlangoni tu mke wangu akasimama. "Mwalimu, matroni wa hapa ni mama mkwe wangu. Afadhali mimi nisiingie."

Mwalimu akafikiri. Hakuwa na mwingine ambaye mikono yake anaiamini. "Wewe utanakili mashine na kuisoma nakala," akamwambia. "Kuhoji watu nitahoji mimi. Na nyumbani huongei kitu."

Na kweli hakuongea. Nilimchokonoa kwa kila namna, mpaka nikajifanya sijali, nikidhani atasema mwenyewe. "Kula chakula kinapoa," ndilo jibu nililopata. Haya ninayosimulia nimekuja kuyajua baadaye, mengine kutoka kwake, mengine kwa Mama na Mwalimu.

Walichokuta ni hiki. Wezi walipita kwenye kompyuta ya mapokezi, kupitia barua pepe iliyojifanya imetoka makao makuu. Na barua hiyo ilifunguliwa chini ya jina la binti wa mapokezi. Alikuwa msichana mpole, kazi yake ya kwanza maishani, anamsomesha mdogo wake. Alilia, akaapa kwamba barua hiyo hajawahi kuiona. Nani amsikilize? Kituo kizima kilikuwa kimeshaamua kwamba amenunuliwa na wezi. Mganga mkuu akamtoa mapokezi, akamweka stoo apange kadi za zamani, akisubiri ripoti tu. Ripoti ikitoka, binti hana kazi, na polisi wanaitwa.

Mwalimu akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: hapa mapokezi mnafanyaje kazi? Wakamweleza bila hata kuona ajabu. Kompyuta ile ni nzito kufunguka, mtu anaweza kumaliza chai yake bado inazunguka. Kwa hiyo anayewahi anaifungua kwa jina lake, na inabaki hivyo mpaka jioni. Kila apitaye anakaa, anafanya yake, anaondoka. Na anayewahi siku zote ni binti, kwa sababu ndiye anayefungua madirisha na kupanga viti vya wagonjwa. Kwa maneno mengine, bidii yake ya kuamka mapema ndiyo iliyomfanya jina lake likae juu ya kazi za watu wote.

Mwalimu akampelekea mganga mkuu ile habari ya makalio na kiti. Mganga mkuu hakucheka. "Sawa," akasema. "Ya nani sasa? Kama hamwezi kuniambia, basi ni ya mwenye jina."

Mke wangu akarudi kwenye nakala yake, akaanza kuichambua dakika kwa dakika. Ndipo akaona kwamba ile barua, mara tu ilipofunguliwa, ilitumwa kwenye printa. Nakala mbili.

Hapo lazima nieleze kitu cha kifamilia. Mama yangu haamini maandishi yanayowaka. Barua pepe haisomi kwenye kioo hata umpe kiti cha enzi; anaichapa kwanza, kisha anavaa miwani, anakaa, anasoma. Na anachapa mbili: moja ya kusoma, nyingine ya kuweka isichafuke. Hata ujumbe wa kamati ya harusi uliokuja kwenye simu yake alimtumia mkwewe amchapie, mbili. Ni jambo tulilozoea kumtania nalo, naye hutuambia tutakuja kumkumbuka umeme ukikatika.

Afande aliniambia kwamba alipoona neno hilo, nakala mbili, alimkumbuka Mama papo hapo. Akajiambia kwamba mtu yeyote anaweza kuchapa mbili, kwamba pengine ilikuwa bahati tu, kwamba mkono uliteleza. Alitaka sana iwe hivyo. Akamwonyesha Mwalimu kwamba kuna uchapaji, lakini ya moyoni akayaacha moyoni, kwa kuwa dhana si ushahidi.

Ikaja Jumapili, Mama akaja kula kwetu kama kawaida yake. Alikuwa amechangamka, na habari ilikuwa moja tu, binti wa mapokezi.

"Afukuzwe, na asipewe hata barua ya sifa," akasema huku anajipakulia. "Watu wanatembea na vidonda wanakosa kadi zao kwa ajili yake. Na mvivu vilevile. Hata wino kwenye printa hatii. Asubuhi ileile yalipotokea haya, imeingia barua ya sare mpya za wauguzi. Yeye hayupo kitini, sijui kaenda wapi, nimekaa mwenyewe. Hilo likompyuta linaniambia bonyeza hapa kuruhusu kuchapa. Nimebonyeza. Zimetoka karatasi mbili nyeupe pe, hazina hata nukta."

Mke wangu akaweka kijiko chini. "Samahani, Mama," akasema, akainuka, akatoka uani.

Mama akanitazama. "Mkeo ana nini?"

"Uchovu wa kazi," nikasema, lakini damu ilikuwa imeshanichemka. Nikamfuata. Nilimkuta amesimama kwenye kamba ya nguo, anakamua shati ambalo lilishakauka. Nikamwambia bila kuzunguka kwamba mama yangu anapoongea mtu haondoki mezani, kwamba hiyo ni dharau, na kama masomo ndiyo yanamfundisha hivyo basi ayaache.

"Sikutakiwa kuyasikia yale," akajibu.

"Yapi? Habari ya sare?"

Aliendelea kulikamua lile shati. Nikarudi mezani nikamaliza kula na Mama, tukaongea habari za mpira.

Kesho yake asubuhi akaenda kwa Mwalimu, akaomba atolewe kwenye kazi ile. Akaketi, akaandika maelezo, safari hii kama shahidi: kwamba anamfahamu mtu mmoja pale kituoni mwenye mazoea ya kuchapa kila barua mara mbili, kwamba mtu huyo, mezani, bila kuulizwa, ametaja barua ya sare na karatasi tupu, na kwamba mtu huyo ni mama mkwe wake. Barua ya sare ndiyo ileile ya wezi, na ule ukurasa mweupe ulioambatanishwa nayo ndio uliokuwa mtego wenyewe. Haukuwa na maandishi yoyote, ulikuwa na kile kitufe tu, na kukibonyeza ni kuwafungulia wezi mlango.

Mwalimu aliyasoma polepole. "Unaelewa haya yanaingia kwenye ripoti yakiwa na jina lako?"

"Ndiyo maana nimesaini," mke wangu akasema.

Mchana akaja karakana kwangu. Nilikuwa nimelaza friji la watu chali, mikono imejaa grisi. Akavuta kreti akakaa, akanieleza yote, kuanzia jina la binti hadi sahihi yake. Nilimsikiliza na bisibisi mkononi. Nakumbuka nilitamani mteja yeyote aingie, hata yule asiyelipa.

"Mbona hukuja kwangu kwanza?" nikamuuliza. "Tungemkalisha Mama tukaongea naye taratibu."

"Ningekuja, tungeongea naye taratibu," akasema. "Na binti angefukuzwa taratibu."

"Umemuuza mama yangu."

"Sijamuuza. Nimemtaja."

"Ungenyamaza ungepungukiwa nini?"

"Mimi? Hakuna. Ningeendelea kupendwa na Mama." Akanyanyuka, akajipangusa gauni. "Wa kupungukiwa ni yule mtoto wa watu."

Nikatumia jibu la mtu asiye na jibu: je, angekuwa mama yako mwenyewe? Akafikiri kweli, hakunijibu kwa hasira. "Ningeandika," akasema. "Ila sijui kama ningeweza kuja kukwambia uso kwa uso." Kisha akaenda zake. Nilimnunia. Siku zilizofuata nilikuwa naongea na mafriji tu, na nyumbani naitikia kwa kukohoa.

Mama akaitwa ofisini kwa mganga mkuu. Mwalimu alimhoji kwa ile sauti yake ya chumba cha mgonjwa, na mwanzoni Mama aliwaka. Yeye, tangu wengine hawajazaliwa yuko kazini, leo aulizwe habari za wezi? Barua ya wezi hajafungua. Alichofungua yeye ni barua ya sare. Mwalimu hakubishana naye. Akageuza kioo cha kompyuta upande wake, akamwonyesha barua yenyewe, saa iliyofunguliwa, na uchapaji.

Mama akaomba miwani yake. Akasoma pale pale kwenye kioo, jambo ambalo nadhani hajawahi kulifanya. Kisha akaivua, akaikunja.

"Hizo ni zangu," akasema. "Hapa hakuna mwingine anayechapa mbili."

Mganga mkuu akashusha pumzi, uso ukamlainika. "Basi, Matroni, hii ni bahati mbaya. Hawa watu ni wajanja, yeyote anaweza kudanganywa. Tutawafundisha watumishi, kila mtu aingie kwa jina lake, yaishe."

"Alipokuwa binti," Mama akasema, "ilikuwa wizi na polisi. Nimekuwa mimi imegeuka bahati mbaya?"

Mama akamwambia anataka barua ya onyo, iandikwe jina lake, iingie kwenye faili lake kama ambavyo ingeingia kwa mwingine. Halafu akatoka, akapita korido yote hadi stoo ya kadi, akaingia, akafunga mlango. Alichomwambia yule binti humo ndani hajamsimulia mtu, nasi hatujamuuliza. Kesho yake binti alikuwa amerudi kwenye kiti chake.

Habari hizo alinipa Mwalimu kwa simu, si mke wangu. Nikajua Mama atakuja, na nikawa nauogopa ujio wake kama mtoto aliyevunja sahani, japo sahani sikuvunja mimi.

Alikuja Jumatano, bila kupiga simu. Hakupita sebuleni, alinyoosha moja kwa moja jikoni, nami nikamfuata nikasimama mlangoni, tayari kuamua ugomvi. Mke wangu alikuwa anamenya viazi. Akasimama, mikono imelowa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Mama akavuta kigoda, akaketi. Alikuwa amevaa nguo za nyumbani, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mtu mzima kweli. "Ni wewe uliyeniandika?"

"Ni mimi, Mama."

"Kwa nini hukuniambia palepale mezani?"

"Sikuruhusiwa. Na niliogopa."

"Uliogopa nini? Nitakupiga?"

"Niliogopa ukinikataza nitakutii."

Mama akamtazama. Nikaingilia, nikiamini namtetea mtu, sijui nani. "Ila Mama, hata mimi nilimwambia. Angenyamaza mambo yangepita. Wala wewe usingejua."

Mama akanigeukia taratibu.

"Nisingejua," akasema. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi, wala si barua ya onyo. Yule mtoto aliniamkia kila asubuhi, nami namwitikia huku moyoni namwita mwizi. Ningestaafu nikaagwa kwa maua na hotuba. Yeye angekuwa rumande. Na mimi ningekaa hapa kwenu kila Jumapili nawasimulia wajukuu jinsi bibi yao alivyomjua mwizi kwa kumtazama tu, na wangeniamini, kwa sababu mimi mwenyewe ningekuwa naamini."

Akaushika mkono wa mkwewe, ule uliolowa, wenye wanga wa viazi, akauweka mapajani mwake. Mke wangu akaanza kulia, kimyakimya. Mama hakumbembeleza, na hakuuachia ule mkono.